Saa zako chache uzipeleke wapi? Milango minne ya kusimamia fedha za umma Marekani

Katika mji wa Allen, jimbo la Texas, kuna uwanja wa mpira wa shule ya sekondari wenye viti 18,000. Wanaoucheza ni wanafunzi, ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na Ijumaa usiku watu hujaa kama sikukuu. Ulifunguliwa mwaka 2012 kwa gharama ya karibu dola milioni 60. Haikupita miaka miwili zege likaanza kufanya nyufa, uwanja ukafungwa, msimu wa 2014 vijana wakacheza kwingine, na mashabiki wakarudi kwenye viti vyao mwaka 2015.

Nikiwasimulia ndugu zetu kisa hiki, kwanza wanacheka, halafu hakosi mmoja wa kuuliza: "Sasa nani alikubali?" Walikubali wenyewe. Mwaka 2009 wakazi wa Allen waliletewa kwenye karatasi ya kura mkopo wa dola milioni 119 kwa ajili ya majengo ya shule, uwanja ukiwemo, na wengi wakasema ndiyo. Hakuna rais wala waziri aliyeingiza mkono. Waliamua wazazi na wastaafu waliokwenda kituoni, na kwa namna yao waliamua pia wale waliobaki nyumbani.

Wengi wetu tuliokuja huku, kutoka Bukavu, Kigoma, Mombasa, Bujumbura au kwa njia ndefu ya kambi ya Nyarugusu, tunafuata kinyang'anyiro cha urais kuliko wenyeji. Simu hazilali. Lakini fedha zinazoamua kama basi la shule litasimama karibu na mlango wako, au kama theluji itaondolewa kabla hujatoka shifti ya usiku, hupangwa kwenye kumbi zenye watu wachache sana, mara nyingi siku ambayo hakuna televisheni inayoitangaza. Mtu aliyepata uraia juzi, mwenye kazi mbili na watoto wanne, huniuliza swali la haki kabisa: nina saa chache tu kwa mwaka, nizipeleke wapi?

Hapa naweka milango minne pamoja: mkutano wa mji, kura ya kodi na mikopo, bajeti shirikishi, na ofisi ya mbunge wa Kongresi. Kila mmoja una watu unaowafaa.

Vigezo kwanza

Nimeuliza kila mlango maswali yaleyale. Nani anaruhusiwa kuingia? Neno lako lina uzito gani: linaamua, au ni ombi tu? Unakula muda kiasi gani? Mtu ambaye Kiingereza chake bado kinajikwaa atafanyaje? Na mwisho, fedha zenyewe ni kiasi gani, na utaziona zikifanya kazi lini?

Kabla ya kuendelea, nasema hili kwa msisitizo wote nilio nao. Kama bado una grini kadi, au uko katika hali ya ukimbizi au hifadhi, usijiandikishe kupiga kura, hata karani wa leseni za udereva akikusogezea fomu kwa tabasamu. Kupiga kura katika uchaguzi wa taifa bila uraia ni kosa la jinai kwa sheria ya 1996, na linaweza kukufukuzisha nchini. Ipo miji michache inayowaruhusu wasio raia kupiga kura za mji tu: Takoma Park huko Maryland ilikubali tangu 1992, na Winooski na Montpelier huko Vermont ziliruhusiwa mwaka 2021. Hata huko, muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, zikiwemo kura za mji. Milango miwili kati ya hii minne iko wazi kwako bila hatari hiyo. Tutaifikia.

Mlango wa kwanza: mkutano wa mji

Huu upo katika majimbo ya kaskazini mashariki: Vermont, Maine, New Hampshire, Massachusetts na majirani zao. Aliyekulia Tanzania ataufahamu haraka, maana unafanana na mkutano mkuu wa kijiji: wakazi wote wazima wanakaa ukumbini, wanasomewa mapato na matumizi, wanauliza. Tofauti ni kwamba hapa bajeti ya mwaka mzima haipiti mpaka ukumbi useme ndiyo, na mtu yeyote mwenye haki ya kura anaweza kusimama na kupendekeza kifungu kipunguzwe au kiongezwe.

Vermont huufanya Jumanne ya kwanza ya Machi. Mwaka mmoja nilimsindikiza shemeji yangu kwenye mji wao mdogo. Ukumbi ulikuwa wa michezo wa shule, viti vya kukunja, mabuti ya matope yamepangwa ukutani. Bajeti nzima ya barabara ilisomwa kwa dakika kama kumi. Kisha ikaja hoja ya lori moja la kusukuma theluji, na hapo ukumbi ukaamka. Mzee mmoja alisimama na kueleza kutu ilipofikia kwenye lori la zamani, kwa vidole, kana kwamba analipapasa. Mama mmoja akauliza limevutwa mara ngapi majira yale ya baridi. Kijana akataka linunuliwe lililotumika. Mwingine akamjibu kwamba lililotumika ndilo hilo wanalolililia sasa. Karibu saa nzima ilipita. Msimamizi akaomba kura ya sauti, akasikiliza ndiyo, akasikiliza hapana, akashindwa kuamua, akawaambia wasimame wahesabiwe. Lori jipya likashinda kwa watu wachache sana. Baada ya hapo wakala pamoja chakula ambacho kila nyumba ilileta sufuria yake, na wale waliokuwa wakibishana wakapakuliana maharage.

Unaweza kucheka kwamba watu wazima wamegombania lori saa nzima. Mimi niliona kitu kingine. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont ni za changarawe na udongo, Machi ndio matope yanaanza, na kila aliyekuwa pale aliwahi kukwama. Walikuwa wanajua wanachokisema kuliko mtaalamu yeyote.

*Nani anaingia:* wapiga kura walioandikishwa katika mji huo. Wengine wanaweza kukaa na kusikiliza, lakini si kupiga kura.

*Uzito wa neno lako:* ndio mkubwa kuliko yote minne. Ukumbi ukiwa na watu 120, kura yako ni moja kati ya 120. Unaweza kubadilisha hoja, si kuikubali au kuikataa tu. Na ukihofia majirani wataona umeinua mkono upande gani, sheria ya Vermont inaruhusu wapiga kura saba wakiomba, kura ipigwe kwa karatasi. Saba tu. Familia mbili za Kikongo zinatosha.

*Muda:* asubuhi nzima, pengine hadi alasiri. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu ni siku ya kazi. Jambo ambalo wengi hawalijui: Vermont ina sheria inayompa mfanyakazi haki ya kuchukua ruhusa bila malipo ili ahudhurie mkutano wa mwaka wa mji wake, akitoa taarifa angalau siku saba kabla, isipokuwa kama kutokuwepo kwake kutakwamisha shughuli za lazima za mwajiri.

*Lugha:* ndio udhaifu wake. Mambo huenda mbio, kwa kanuni za mikutano ambazo huwatatiza hata Wamarekani wengine. Dawa ni ajenda. Katika Vermont hutangazwa kati ya siku 30 na 40 kabla, na jambo ambalo halikutangazwa haliwezi kuamuliwa siku hiyo. Keti nayo na mtu anayeelewa, weka alama kwenye vifungu viwili unavyovijali, uende kwa ajili ya hivyo viwili.

*Fedha:* ndogo, lakini utazikuta barabarani mwaka huohuo.

Miji mikubwa ya majimbo hayo haina mkutano wa namna hii. Burlington, Portland na Lewiston, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, zina meya na madiwani. Kwa wakazi wa huko, mlango wa pili ndio wenu.

Mlango wa pili: kura ya kodi na mikopo

Huu unapatikana karibu kila jimbo, na kwa maoni yangu ndio tunaoupoteza zaidi. Unapokwenda kumchagua rais, upande wa chini wa karatasi kuna maswali: je, wilaya ya shule iongeze kodi ya majengo? Je, mji ukope kwa kuuza hati fungani ujenge kituo cha zimamoto? Wengi wetu tunapiga kura ya juu, tunafika pale chini tunaona maneno ya kisheria kama waya zilizosokotana, tunaacha wazi. Mengine huja katika uchaguzi mdogo wa masika, ambapo wanaojitokeza ni wachache, na kwa hiyo kura yako inakuwa nzito mara kadhaa.

Nichukue Ohio, kwa sababu ndiko nilikojifunzia. Huko kodi hii ya nyongeza huitwa levi, na hupimwa kwa mili. Mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi, na thamani hiyo ni asilimia 35 ya bei ya nyumba sokoni. Mama mmoja jirani alinijia na karatasi ya kodi mkononi, mikono bado ina unga wa chapati, akaniambia, "Kaka, wanataka mili tano na nusu. Hizo ni pesa ngapi kwa lugha ya watu?" Tukaiandika nyuma ya bahasha. Nyumba yake ni ya dola 200,000. Asilimia 35 yake ni 70,000. Mili moja ni dola 70 kwa mwaka. Mili tano na nusu ni dola 385 kwa mwaka, yaani kama dola 32 kwa mwezi. Akakaa kimya, kisha akauliza swali ambalo ndilo la kuuliza: "Na isipopita, wanakata nini?"

Sheria ya Ohio inailazimisha wilaya kuwapeleka shule kwa basi watoto wa chekechea hadi darasa la nane wanaoishi zaidi ya maili mbili kutoka shuleni. Wa sekondari si lazima. Kwa hiyo fedha zikipungua, mabasi ya sekondari huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutajwa, na michezo huanza kutozwa ada kwa kila mtoto. Mama yule ana kijana wa sekondari na hana gari la pili. Jirani yake wa upande wa pili ni mjane mstaafu, nyumba imelipwa, watoto wamekua, na dola 32 kwa mwezi ni dawa zake. Wote wawili wana haki ya kupiga kura tofauti na wakaendelea kusalimiana.

Kuna hofu moja inayozunguka sana kwenye makundi yetu: kwamba bei ya nyumba ikipanda, levi ya zamani nayo inakutafuna zaidi. Tangu sheria ya 1976, kwa levi nyingi za kawaida, thamani zikipanda kiwango hushushwa ili levi ilete takriban fedha zilezile ilizokuwa ikileta. Zipo ambazo hazifuati hivyo, hasa kwenye wilaya za shule zilizofika sakafu ya mili 20, yaani kiwango cha chini ambacho hakishushwi zaidi, na ndiyo maana bili za watu wengine zimepanda kweli. Piga simu ofisi ya mkaguzi wa kaunti, uliza wilaya yako iko wapi. Wanajibu.

Kila jimbo lina namna yake. Texas, tangu 2019, karatasi ya kura ya mkopo wa shule lazima iandikwe waziwazi kwamba hili ni ongezeko la kodi ya majengo. California, tangu 1978, kodi maalumu inayopendekezwa na viongozi wa mji huhitaji theluthi mbili ya kura, ila mikopo ya shule ilishushiwa kizingiti hadi asilimia 55 mwaka 2000. Maine bajeti ya shule hurudishwa kwa wapiga kura kuithibitisha. Usichukue ushauri wa binamu yako wa Houston ukautumia Dayton, Ohio.

*Nani anaingia:* raia walioandikishwa, ukiondoa ile miji michache niliyoitaja. Mpangaji naye anahusika. Mwenye nyumba akipandishiwa kodi, mara nyingi hutafuta namna ya kuihamishia kwenye pango lako.

*Uzito:* neno linaamua, lakini ni ndiyo au hapana tu. Huwezi kusema "madarasa ndiyo, uwanja hapana." Watu wa Allen hawakuwa na kisanduku cha kuchagua kati ya viti 18,000 na viti 8,000. Ukitaka kubadilisha mradi wenyewe, lazima uingie mapema, kwenye vikao vya bodi ya shule, kabla haujaandikwa kwenye karatasi.

*Muda:* ukipiga kura kwa posta, nusu saa mezani kwako inatosha, pamoja na hesabu ya nyuma ya bahasha.

*Lugha:* Kiswahili hakimo kati ya lugha ambazo sheria ya taifa inalazimisha kutafsiriwa kwenye kura. Lakini sheria hiyohiyo ya haki za kupiga kura, tangu 1982, inampa asiyeweza kusoma karatasi ya kura haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe. Anaweza kuwa binti yako, jirani, au mtu wa kanisani. Wasioruhusiwa ni mwajiri wako na wakala wake, na ofisa au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Msimamizi wa kituo akikuzuia, mwombe kwa upole ampigie mkuu wake.

*Fedha:* kutoka mamilioni hadi mamia ya mamilioni, na mkopo hulipwa kwa miaka mingi. Mtoto uliyempakata siku ya kura anaweza kuja kuumalizia.

Mlango wa tatu: bajeti shirikishi

Wazo hili lilizaliwa Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989. Marekani lilianzia Chicago mwaka 2009, kata moja, diwani mmoja aliyewaachia wakazi waamue fedha zake za miundombinu. New York ilifuata 2011. Diwani hutenga fungu, wakazi hutoa mawazo, kamati ya kujitolea huyachuja, kisha watu hupiga kura.

*Nani anaingia:* hapa ndipo linapong'aa. New York wanapiga kura kuanzia umri wa miaka 11, na hakuna anayeulizwa hali yake ya uhamiaji. Kura hii si uchaguzi wa serikali. Ni zoezi la diwani, kwa hiyo ile hatari niliyoionya mwanzoni haimo.

*Uzito:* unaamua kati ya miradi iliyokwisha kuchujwa. Ukijiunga na kamati ya uchujaji, unapanda daraja.

*Muda na lugha:* kura yenyewe ni dakika tano, na waandaaji hujitahidi kuwafikia wageni kwa lugha zao. Kamati inataka jioni kadhaa za majira ya baridi.

*Fedha:* ndogo, na kwa kawaida ni kwa vitu vya kudumu: vyoo vya shule, taa za uwanja, vivuko vya barabara, miti. Huwezi kumlipa mwalimu mshahara kwa fedha hizi. Udhaifu mkubwa ni kwamba diwani akibadilika, zoezi zima linaweza kufa naye.

Ninaupenda mlango huu kwa sababu ya watoto. Mtoto wa miaka 12 aliyepigania feni za darasani kwao na kuziona zimefungwa, hutamlazimisha kwenda kupiga kura akifika 18. Kwa walio Minnesota wenye wadogo zaidi, idara ya barabara ya jimbo huwaalika watu kila mwaka kuyapa majina malori ya theluji. Mwaka 2021 lilishinda jina Plowy McPlowFace. Hakuna senti unayoiamua pale, lakini mtoto huanza kuliita lori la serikali "letu."

Mlango wa nne: ofisi ya mbunge wa Kongresi

Hapa fedha ni za ukubwa mwingine kabisa. Mwaka wa fedha wa 2024 serikali kuu ilitumia karibu dola trilioni 6.8. Katiba inasema senti haitoki hazina bila sheria ya Kongresi, na mwaka wa fedha unaanza Oktoba 1. Wasipoelewana, shughuli zinafungwa: siku 35 kuvuka 2018 kuingia 2019, na siku 43 mwaka 2025, ambapo mamilioni ya familia walicheleweshewa msaada wa chakula wa SNAP wa Novemba. Baadhi ya familia hizo ni zetu.

*Nani anaingia:* kila anayeishi katika jimbo la uchaguzi la mbunge huyo, raia au la. Kumwandikia mbunge si kupiga kura.

*Uzito:* mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi anawakilisha watu karibu 760,000, kwa hiyo barua yako ni ombi kati ya maombi mengi. Mtu mmoja peke yake hapa ni mdogo. Kikundi si kidogo. Wabunge walizuiwa mwaka 2011 kuombea miradi ya majimboni mwao mafungu maalumu, wakaruhusiwa tena 2021 kwa masharti: mbunge achapishe maombi yake kwenye tovuti, athibitishe kwamba yeye na familia yake hawana maslahi ya kifedha, na aoneshe ushahidi kwamba jamii inautaka mradi. Barua ya chama chenu, kanisa au msikiti ni ushahidi wa namna hiyo. Maombi hukusanywa mapema katika mwaka, kwa hiyo ukienda Septemba umechelewa.

Masharti hayo yalizaliwa na visa. Kinachosimuliwa zaidi ni cha Ketchikan, Alaska. Mwaka 2005 Kongresi ilitenga dola milioni 223 kwa daraja la kwenda kisiwa cha Gravina, chenye wakazi kama 50, na makadirio ya daraja zima yalikuwa karibu dola milioni 398. Nchi nzima ilicheka. Serikali ya Alaska ikaliacha daraja mwaka 2007, lakini barabara ya upande wa kisiwani, iliyokusudiwa kupokea daraja, ilijengwa. Kwa haki ya watu wa Ketchikan, niseme pia kwamba uwanja wao wa ndege uko kwenye kisiwa hicho, na mpaka leo abiria huvuka kwa feri akiwa na mabegi yake.

Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu wasiwe wepesi kucheka matumizi kwa jina lake tu. Seneta William Proxmire wa Wisconsin, kuanzia 1975 hadi 1988, alitangaza kila mwezi tuzo ya aibu kwa fedha za umma alizoona zimepotea. Ya kwanza ilikwenda kwa utafiti wa dola 84,000 kuhusu kwa nini watu hupendana. Alikuwa mtu makini, na mara nyingi aliigusa aibu ya kweli. Lakini hebu fikiri angesoma kichwa cha habari hiki: serikali yalipia utafiti wa ndoa za nzi. Utafiti wa namna hiyo ulikuwepo. Wataalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani, Edward Knipling na Raymond Bushland, walichunguza nzi ambaye funza wake hula nyama hai ya ng'ombe, wakagundua kwamba jike hupandwa mara moja tu maishani. Ukimwaga madume yaliyotasishwa kwa mionzi, mayai hayaanguliwi. Walilijaribu kisiwani Curaçao mwaka 1954, nzi wakaisha.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyotumika Unguja. Mbung'o walizalishwa Tanga, madume yakatasishwa, yakapandishwa ndege na kumwagwa juu ya misitu ya Jozani na kwingineko. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Leo mfugaji wa Unguja anayefuga ng'ombe wa maziwa bila nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, anafaidi mawazo yaliyoanza kwa fedha za walipa kodi wa Marekani na maisha ya nzi.

*Muda:* barua ni saa moja. Kuona matokeo ni miaka.

*Lugha:* ofisi za jimboni hupokea barua, na barua fupi yenye makosa ya sarufi na anwani ya mtaa wa jimboni hubeba zaidi ya risala nzuri isiyo na anwani.

Sasa, kwa hali yako

Kama bado huna uraia, anza na bajeti shirikishi iwapo mji wako unayo, na barua ya pamoja kwa mbunge. Milango mingine miwili iache ikusubiri.

Kama umeapa kiapo mwaka huu, unafanya kazi usiku na huna hata Jumamosi, chukua kura ya kodi kwa posta. Usiache chini wazi. Tafuta karatasi ya mfano kwenye tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti wiki tatu kabla, fanya hesabu ya dola kwa mwezi, kisha uliza kinachokatwa isipopita.

Kama unaishi mji mdogo wa kaskazini mashariki, nenda mkutanoni, hata kama mwaka wa kwanza utakaa kimya. Beba sambusa. Huko mtu aliyeleta chakula hujulikana jina kabla ya saa saba mchana, na mwaka wa pili akisimama kuuliza habari ya taa za barabarani, ukumbi humsikiliza.

Kama ni mzazi na tatizo lako ni shule, usisubiri kura. Vikao vya bodi ya shule viko wazi kwa raia na asiye raia, vina muda wa wananchi kusema, na ndiko viwanja na mabasi hupangwa miezi mingi kabla hujapewa kisanduku cha ndiyo na hapana.

Kama mna chama chenye viongozi na akaunti ya benki, mkataka jengo la kufundishia lugha au kliniki, nendeni kwa mbunge mwezi Januari mkiwa watu watano, na shirika lenu liwe limesajiliwa kuwa lisilo la faida, maana fedha hizo hazipewi kampuni ya biashara. Waulizeni kwanza kama mwaka huo mradi wa namna yenu unaruhusiwa. Mchukueni mzee mmoja, mama mmoja, na kijana wa kutafsiri. Yule mama wa mili tano na nusu ndiye aliyekwenda na kundi lake, kijana wake wa sekondari akiwa mkalimani. Levi yao ilipita mwaka ule, na kijana alifika shule kwa basi.